Kumwita Bata kwa Simu

Bata wa mwituni wa Pemba hawalii kama bata wa uani. Wanapiga mluzi, sauti nyembamba zinazofuatana haraka, na mara nyingi utawasikia usiku wakipita juu ya mapaa kwenda bondeni kabla hujawatia machoni. Uso mweupe, kisogo cheusi, kifua cha rangi ya udongo mwekundu, miguu mirefu kuliko ya bata yeyote wa kufugwa. Wataalamu wa ndege wanawaita bata miluzi. Wakulima wa mpunga nao wana majina yao ya kuwaita, hasa asubuhi wanapokuta mbegu walizomwaga jana zimechujwa zote matopeni, na majina hayo sitayaandika hapa.

Mjomba wangu anajua kuwaita. Anakutanisha viganja, anaacha upenyo baina ya vidole gumba, anapuliza. Mluzi wa viganjani mtoto yeyote anaweza kuutoa. Kazi iko katika kujua lini unyamaze. Kundi likiwa mbali unaita kwa nguvu. Likigeuka unapunguza. Likizunguka juu yako mara ya pili unakaa kimya kabisa, maana bata aliyekwisha kuamua kushuka hahitaji kubembelezwa, ukizidisha anashtuka na kundi zima linakwenda naye. Siku ya upepo mkali hakuna kitu. Siku ya mvua hakuna kitu. Siku ambayo kifua kimembana, na kifua cha mzee yule kinambana mara kwa mara, pia hakuna kitu. Bunduki hajawahi kuwa nayo. Visiwani kwetu bunduki mkononi mwa raia ni kitu cha kusikia. Alikuwa akitega vitanzi vya uzi kwenye tuta, na akipata bata wawili watatu wazima wa kuchinja, nyumba nzima inajua kwa harufu.

Mjukuu wake ana spika. Ile ndogo ya blututhi inayouzwa kila duka la simu Chake Chake, ambayo vijana huining'iniza kwenye baiskeli na vespa. Sauti ya bata aliipata kwenye intaneti bila ya taabu, kwani zimejaa huko, zimerekodiwa na watu wapenda ndege ambao nia yao ilikuwa njema tu. Akaitia spika kwenye mfuko wa plastiki, akaificha kwenye majani ya tuta, akasimamisha kipande cha wavu wa jarife kilichochakaa juu ya miti miwili, akabonyeza, akaenda zake kulala. Spika iliita mpaka chaji ilipokwisha. Alfajiri alikuta ndege wamejazana wavuni. Waliokuwa hai aliwachinja na kuwauza. Waliojinyonga na nyuzi au kufa maji aliwatupa mtaroni, kwa sababu mzoga hauliwi, na waliotupwa walikuwa wengi kuliko waliochinjwa.

Jioni ile baada ya magharibi habari ilifika barazani kabla ya mwenyewe kufika.

"Umefanya nini bondeni, mwanangu?" mjomba akamwuliza.

"Nimewaita bata, babu. Kama unavyowaita wewe."

"Mimi nawaita hivyo?"

"Si sauti ileile? Wewe unapiga kwa mikono, mimi napiga kwa simu."

Mzee alimtazama, akavaa kofia yake, akasema, "Mimi nachoka," akaondoka kwenda msikitini kusubiri isha.

Jibu hilo kijana aliliona halina uzito. Aliona babu amekosa la kusema. Mimi nimekuwa nalo kichwani tangu siku ile, na kila ninaposoma namna nchi nyengine zilivyohangaika na vyombo vya umeme katika uwindaji wa ndege wa majini, naona wanasheria wao wamezunguka mbali sana kufika pale alipofika mzee kwa maneno mawili.

Chukua Marekani, ambako jambo hili wamelifanyia kazi muda mrefu kuliko wengi. Katika jimbo la Arkansas kuna mji mdogo unaoitwa Stuttgart. Umezungukwa na mashamba ya mpunga, na kila palipo na mpunga na maji hapakosi bata. Tangu mwaka 1936 mji huo unafanya mashindano ya kuwaita bata kwa mdomo. Watu wazima wanapanda jukwaani, mbele ya waamuzi, na kipenga cha mbao au plastiki chenye ulimi ndani, na wanalia kama bata. Wapo wanaofanya mazoezi mwaka mzima. Bata mwenyewe hayupo hapo. Nimecheka niliposoma, kisha nikamkumbuka mjomba na viganja vyake nikaacha kucheka.

Sasa angalia sheria ya nchi hiyohiyo. Mwaka 1916 Marekani ilitia saini mkataba na Uingereza, iliyokuwa ikisimamia mambo ya nje ya Kanada, wa kuwalinda ndege wanaohama baina ya nchi mbili hizo, na mwaka 1918 bunge lao likatunga sheria ya kuutekeleza. Kabla ya hapo kulikuwa na wawindaji wa sokoni waliokuwa wakipakia bata kwa mapipa na kuwapeleka mijini kwa gari la moshi. Baada ya sheria ile zikaja kanuni, moja baada ya moja. Mwaka 1935 ikapigwa marufuku kutumia bata hai waliofungwa kamba ili kuwavuta wenzao, na ikapigwa marufuku kumwaga nafaka kama chambo. Bunduki ya rasharasha isibebe zaidi ya risasi tatu. Usipige ukiwa kwenye chombo cha moto kinachokwenda. Na ndani ya orodha hiyo kuna hili: usiwinde kwa msaada wa sauti za ndege zilizorekodiwa au zilizokuzwa kwa umeme, wala kwa maigizo ya sauti hizo yaliyorekodiwa au kukuzwa hivyo. Kipenga cha mdomo kinaruhusiwa. Bingwa wa Stuttgart anaweza kumdanganya bata kwa ustadi wake wote mpaka pumzi zimwishe, ila akizirekodi pumzi hizo na kuzitia kwenye spika amevunja sheria ya taifa.

Kijana wetu angeuliza palepale: si sauti ileile? Ndiyo, ni ileile, na wao wanalijua hilo. Walichokiwekea mpaka ni ile hali ya sauti kuendelea bila ya mtu. Mwitaji wa mdomo lazima awepo, awe macho, avumilie baridi, akosee, akohoe. Hawezi kuwa mabonde matano kwa wakati mmoja. Spika inaweza. Katika kila marufuku pale, ukiitazama vizuri, kinachotafutwa ni kumrudishia bata ile nafasi aliyokuwa nayo kabla ya mwindaji kununua kitu dukani.

Wapo watakaosema hizo ni anasa za wazungu wanaowinda kwa mchezo, wakitaka mchezo uwe wa haki, na sisi tunatafuta kitoweo. Nilikuwa nikielekea kukubali, mpaka nilipofika kwenye habari ya bata bukini weupe.

Ndege hawa wanazaa kaskazini kabisa ya Kanada, pembeni ya Ghuba ya Hudson na mbele ya hapo, na wakati wa baridi wanashuka kusini. Katika nusu ya pili ya karne iliyopita walianza kuongezeka kupita kiasi, sababu kubwa ikiwa masalio ya nafaka mashambani, mpunga ukiwamo, yaliyowashibisha msimu wote wa baridi. Wakirudi kaskazini wameshiba, wengi, wanachimbua mizizi ya majani kwenye mabwawa ya pwani mpaka linabaki tope tupu lenye chumvi lisiloota kitu tena. Wataalamu wakaona ndege wenyewe wanakula nyumba yao na ya ndege wengine. Mwaka 1999 bunge la Marekani likapitisha sheria ya dharura ili wapunguzwe.

Wakapunguzwaje? Wawindaji waliruhusiwa, katika kipindi maalumu na kwa ndege hao tu, kuondoa kizuizi cha risasi tatu, kuendelea kupiga hata baada ya jua kuzama, na kutumia sauti za umeme. Yaani siku serikali ilipotaka ndege wafe kwa wingi, kitu ilichokitoa kabatini ni spika. Kwa mimi hiyo inatosha kuwa ushahidi kuliko tafiti zozote. Mtu hafungui silaha asiyoamini kuwa inaua.

Kuna na zile mbawa za betri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitoka sanamu ya bata yenye injini ndogo inayozungusha mbawa, upande mmoja mweusi na mwengine mweupe, na kule kumetameta kunaonekana na bata walio mbali sana angani. Sheria ya taifa haikuigusa. Majimbo yakaachiwa yaamue, na yakagawanyika: Washington ikaikataza, California ikairuhusu tangu Desemba tu, na Arkansas, hao hao mabingwa wa kipenga, waliipiga marufuku kisha wakaiachia. Sina la kusema sana juu ya mbawa hizo. Huku kwetu sijaziona, na hata zikija zitamtaka mtu akae kondeni kuzilinda zisiibiwe.

Ulaya walikuwa wakali zaidi. Kanuni ya ndege waliyoiweka mwaka 1979 ina kiambatisho cha zana zilizokatazwa, na ukikisoma unahisi kama unapita kwenye ghala la mtegaji wa zama zote: vitanzi, ulimbo, ndoana, ndege hai waliopofuliwa au kulemazwa ili wawaite wenzao, tepurekoda, vyombo vya kuulia kwa umeme, taa, vioo, darubini za usiku, baruti, nyavu, sumu. Ulimbo na tepurekoda katika mstari mmoja! Sisi tuliokua tukichemsha utomvu wa mfenesi na kuupaka kwenye vijiti ili tukamate chiriku, tulikuwa wahalifu wa Ulaya bila ya kujua.

Lakini kanuni kuwepo ni jambo moja. Kisiwa cha Cyprus kimo ndani ya Umoja wa Ulaya, na bado watu huko walikuwa wakisimamisha nyavu usiku kwenye vichaka vya mikesha, yaani miti ya akasia, wakiweka spika chini yake, na kuwakamata ndege wadogo wanaohama, ambao mahotelini hupikwa na kuliwa bila ya kukatwa, kwa bei ya juu. Na Misri, kwenye pwani ya Mediterania, nyavu husimama kilomita kwa kilomita majira ya vuli yao, zikiwasubiri tombo wanaofika wamechoka baada ya kuvuka bahari, huku mashine zikilia kama tombo gizani. Salwa walioteremshiwa Bani Israil jangwani, wafasiri wengi wanasema walikuwa tombo hao. Walishushwa na Mwenyezi Mungu wakati ule. Sasa wanashushwa na memori kadi.

Mfano wa Misri ndio unaonitisha zaidi kuliko wa Marekani, kwa sababu unafanana na wa bondeni kwetu. Kule Arkansas mtu ana leseni, ana idadi ya bata anaoruhusiwa kwa siku, kuna askari wa wanyamapori anayeweza kumfungulia gari na kuwahesabu. Hata sauti ikimletea bata mia, kikomo chake kinabaki palepale. Wavu haujui kikomo. Ukiunganisha wavu na sauti isiyochoka, umepata chombo kinachokamata usiku kucha huku mwenyewe amelala, kisha kinamletea ndege ambao nusu yao hata kuwala hawezi.

Sisi watu wa visiwani hatuna kisingizio cha kutokuelewa haya, maana baharini tumeyaelewa zamani. Kokoro limekatazwa Zanzibar, na kila mvuvi, hata yule anayelivuta kwa siri, anaweza kukueleza sababu: linakwangua chini na kubeba hata vitoto. Utupa, ile sumu ya kulevya samaki, umekatazwa. Baruti imekatazwa. Bunduki ya kupigia samaki kwa kuzamia imekatazwa. Kisiwa Panza na kwengineko Pemba wanakijiji wenyewe wamefunga miamba ya pweza kwa miezi, na wake kwa waume wanaisubiri siku ya kufunguliwa kama wanavyosubiri sikukuu. Hakuna anayewaambia kuwa hizo ni anasa za wazungu.

Hoja hii niliitoa barazani, na mvuvi mmoja wa dagaa akanipiga papo hapo. "Na karabai je?" akasema. "Sisi tunawaita dagaa kwa taa. Zamani karabai, leo taa za sola na jenereta. Mbona hamtukatazi? Taa na spika tofauti yake nini?"

Swali zuri, na ninakiri halina jibu jepesi. Tofauti ya kwanza ni ya uzazi: dagaa mmoja hutaga mayai kwa maelfu, bata miluzi hutaga kumi hivi, na baadhi ya hayo huliwa na kenge. Ya pili mvuvi mwenyewe alinipa bila ya kukusudia nilipomwuliza anapumzika lini. "Mbalamwezi," akasema. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, dau linakaa pwani, nyavu zinashonwa, watu wanaoa. Bahari ina likizo yake ambayo hakuna aliyeiandikia sheria. Spika ya bata haina mbalamwezi. Hata hivyo sikumshinda kabisa, na sidhani kwamba tunatakiwa kushindana. Taa zinavyozidi kuwa kali na za bei nafuu, iko siku itabidi dagaa nao wazungumzwe.

Mwalimu wa chuo aliyekuwa amekaa pembeni akihesabu tasbihi ndiye aliyelipeleka jambo mahali nisipopatarajia. Alitukumbusha Sura ya Al-Maida, aya ya 94, ambapo waumini wanaambiwa watajaribiwa kwa mawindo yanayofikiwa na mikono yao na mikuki yao. Wafasiri wanasema ilikuwa safari ya Hudaibiya, watu wamehirimia kwa ibada na kuwinda ni haramu kwao, na wanyama wakawajia mpaka kwenye mahema, wadogo wa kushikwa kwa mkono, wakubwa wa kuchomwa mkuki. "Mtihani haukuwa kwa mnyama aliye mbali," akasema mwalimu. "Ulikuwa kwa yule aliyekaribia." Kijana akajibu kwa adabu kwamba yeye hakuwa amehirimia. Watu wakacheka, na mwalimu naye akacheka, akasema kweli, hukumu ile ni ya mahujaji. Kisha akaongeza kuwa sura hiyohiyo, mwanzoni mwake, inakataza kula mnyama aliyekufa kwa kunyongeka, "na wale uliowatupa mtaroni walikufaje?" Hapo kijana hakujibu.

Nasema haya nikijua upande wa pili una haki yake. Dada yangu analima mpunga. Akisikia mimi natetea bata, ataniuliza kama nitakwenda mimi kuamia. Kuamia si mchezo: unaamka kabla ya jua, unapanda dungu, unapiga makopo, unarusha mawe kwa teo, unapiga kelele mpaka sauti inakauka, na watoto wanakosa skuli kwa ajili hiyo. Bata na ndege wengine wanapunguza chakula cha nyumba kwa macho unaona. Kwa hiyo mtu akitaka kuniambia kwamba vyombo vya umeme vikatazwe bondeni moja kwa moja, simo. Spika hiyohiyo ukiipigisha sauti ya mwewe, au hata taarabu, inaweza kumwondolea mtoto zamu ya dunguni japo kwa siku chache kabla ndege hawajaizoea. Chombo kimoja, kazi mbili zinazopingana: moja inafukuza, nyengine inaita. Sheria ikikamata chombo badala ya kazi, itamwumiza dada yangu na kumwacha mtegaji akitafuta chombo kingine.

Na kama kweli bata wamezidi, basi tufanye walivyofanya Wamarekani kwa bukini zao: ruhusa ya kipindi, kwa ndege waliotajwa, kwa mabonde yaliyotajwa, ikiisha imekwisha. Wasiachiwe watu wenye spika waamue wenyewe kwamba bata wamezidi kila siku ambayo nyama ina soko.

Kuna kundi jengine ambalo halitafurahi, nalo ni la watembezaji watalii. Pemba tuna bundi ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kwetu, na wageni wanakuja mpaka msitu wa Ngezi usiku ili wamsikie. (Bibi yangu angeshangaa sana. Bundi akilia juu ya paa yeye alikuwa akitia chumvi motoni. Leo mtu anapanda ndege kutoka Ulaya na kulipa dola ili bundi alie.) Mtembezaji akiwa na haraka anatoa simu, anapiga sauti ya bundi, na bundi halisi anakuja akidhani mgeni amevamia eneo lake. Hakuna wavu wala kitanzi, hilo kweli. Lakini ndege anaondoshwa kwenye kiota na kwenye kuwinda kwake ili apigane na simu, na kesho linakuja kundi jengine na simu nyengine. Anayewahesabu bundi kwa ajili ya uhifadhi ana sababu ya kupiga sauti mara moja na kuandika. Wengine wote nadhani wajifunze mluzi, au wavumilie. Ngezi usiku ni pazuri hata bundi asipotokea.

Sheria tunayo ya kuanzia. Wanyamapori si jambo la Muungano, na sheria ya wanyamapori ya Bara ya mwaka 2009 haivuki bahari; Zanzibar ina sheria yake ya misitu namba 10 ya mwaka 1996, ambayo ndiyo inayobeba pia wanyama na ndege wa mwituni. Chini yake vijiji vinaweza kuingia makubaliano na serikali ya kusimamia misitu yao na kujiwekea sheria ndogo, na Unguja na Pemba vijiji kadhaa vimefanya hivyo. Tanzania pia imo katika mkataba wa ndege wa majini wanaohama baina ya Afrika, Ulaya na Asia, uliokamilishwa The Hague mwaka 1995 na kuanza kazi mwaka 1999. Mkataba huo unataka nchi zidhibiti namna za kukamata ndege na kuzuia zile zisizochagua na zinazoweza kuangamiza kwa wingi. Bata miluzi ameorodheshwa humo. Vilevile sululu wanaoshuka kwenye tope la Chwaka na Maziwa Ng'ombe maji yakitoka, na ambao wengine wamezaliwa kaskazini kabisa ya dunia. Ndege hawa wanapita nchi nyingi kabla ya kufika kwetu, na kila nchi ikijiambia kwamba ni vijana wachache tu na spika zao, hesabu inajumlishwa njia nzima.

Kwa hiyo kamati ya uhifadhi ya shehia ilipokaa kuzungumzia bonde, niliombwa nisaidie kuandika, kwa kuwa eti mimi ndiye mwenye kalamu. Tulichoandika ni kifupi. Asitumie mtu yeyote sauti iliyorekodiwa au kukuzwa kwa umeme kumwita ndege wa mwituni kwa ajili ya kumkamata au kumwua. Asisimamishe mtu wavu wa ndege usiku akauacha bila ya kuusimamia mwenyewe. Sauti za kufukuza ndege shambani zinaruhusiwa, mwisho saa mbili usiku, kwa sababu majirani nao wana haki ya kulala. Kuita kwa mdomo na viganja hakukuguswa. Kijana mwenye spika alihudhuria, na kipengele cha wavu kwa kweli alikileta yeye. Alisema kilichomsumbua ni wale aliowatupa. Mjomba alitaka iandikwe na darubini za usiku zinazoona joto la mnyama, alizozisikia redioni. Tukamwambia hazijafika Pemba. Akasema na spika nazo hazikuwapo. Tukaziandika.

Palipobaki mgogoro ni adhabu. Wajumbe wengi wanataka faini, kama ilivyo kwenye kukata mikoko. Mimi na wachache tunataka chombo kichukuliwe na kisirudishwe, na rasimu iko kwa sheha ikisubiri kikao kijacho. Faini ukimtoza mtu ukamwachia spika yake, usiku mmoja tu bondeni atakuwa ameshailipa.